Upepo Unakotoka na Moshi Unakokwenda: Kuufahamu Utabiri Kabla ya Kuandaa Chakula cha Nje

Mazungumzo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wanaoandaa vyakula vya nje, ikiwa ni vya arusi, hitima, matembezi ya idara au safari za kuvunja jungu. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili wasiopata nafasi ya kuyasikiliza nao wafaidike.



Hapana shughuli ya watu wengi iliyokamilika bila ya chakula, wala hapana chakula cha watu wengi kinachoenea katika jiko la ndani. Masufuria makubwa hutolewa uani, uwanjani, shambani au ufukweni. Mafiga hupangwa, kuni hukokwa, na wapishi huanza kazi yao. Kwa hivyo kila arusi, kila hitima na kila matembezi ya idara huwa na moto uliowashwa nje ya nyumba. Na kila moto uliowashwa nje una mgeni mmoja asiyepelekewa barua ya mwaliko, lakini asiyekosa kuhudhuria. Mgeni huyo ni upepo.

Zamani mtu alimtambua mgeni huyo kwa kutazama mbingu, makuti ya minazi na mawimbi. Siku hizi, juu ya hayo, upo utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa Wakala tangu mwaka 1999 na kufanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa taarifa kila siku, na taarifa hizo husomwa redioni na kufika katika simu za mkononi. Lakini habari kufika ni jambo moja, na habari kufahamika ni jambo jengine. Watu wengi husikia kwamba kutakuwa na upepo wa kusini-mashariki wa kilomita 20 kwa saa, wakatikisa kichwa, kisha wakayapanga mafiga pale pale walipokusudia tangu mwanzo. Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza namna ya kuyageuza maneno hayo machache kuwa uamuzi: moto uwekwe wapi, uwashwe saa ngapi, na lini usiwashwe kabisa.

Kwa nini Usinge

Mfano mkuu wa mazungumzo haya haukuchukuliwa katika fukwe za Unguja wala za Pemba. Umechukuliwa Usinge, mji mdogo wa Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, uliopo katika reli ya kati baina ya Tabora na Kigoma. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa jumla ilifuata mwelekeo wa njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Katika karne ya kumi na tisa njia hiyo iliiunganisha Unguja na Unyamwezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe. Wengine walivuka bahari, wakafanya kazi katika mashamba ya karafuu, na baadhi yao wakabakia. Kwa hivyo si ajabu mtu wa visiwani kupanda treni kuelekea Tabora na mbele yake, akenda kuhudhuria arusi au msiba.

Ipo na sababu ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Mtu wa kisiwani amezoea kuwa na bahari karibu. Akipika ufukweni, cheche ikiruka mara nyingi huangukia mchanga au maji. Usinge hapana bahari. Pana msitu wa miombo, nyasi ndefu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, mabani ya kukaushia tumbaku na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi. Mvua hunyesha baina ya Novemba na Aprili, kisha hukatika. Kuanzia Juni nyasi hukauka, na ifikapo Agosti na Septemba zinakuwa kama kuni zilizosimama. Kosa ambalo ufukweni humtia mtu moshi wa macho, huko linaweza kumuunguzia jirani jasho lake la mwaka mzima. Aliyejifunza kupika katika upepo wa Usinge hatapata tabu kupika mahali pengine.

Upepo hutajwa kwa unakotoka

Jambo la kwanza la kufahamika ni jina la upepo. Katika utabiri, upepo hutajwa kwa upande unakotoka, wala si kwa upande unakokwenda. Hili si geni kwa watu wa mwambao: kusi hutoka kusini na kaskazi hutoka kaskazini, na kila nahodha alijua hivyo kabla ya kuwapo kwa redio. Hata hivyo, mtu huyo huyo anapoisoma taarifa ya maandishi husahau, akadhani kwamba "upepo wa kusini-mashariki" ni upepo unaoelekea kusini-mashariki. Akishakosea hapo, kila alifanyalo baadaye linakuwa kinyume: wageni huketishwa penye moshi, na moto hupangwa upande wa nyasi.

Mpishi anahitaji kujua unakokwenda. Basi kila anaposoma jina la upepo, na aligeuze. Upepo wa kusini-mashariki huenda kaskazini-magharibi. Upepo wa mashariki huenda magharibi. Upepo wa kaskazini huenda kusini. Taarifa nyengine huandika nyuzi badala ya majina: kaskazini ni 360, mashariki ni 90, kusini ni 180 na magharibi ni 270, nazo pia huhesabiwa kwa upande upepo unakotoka. Katika simu mna mishale, na hapo panahitaji uangalifu, kwa sababu baadhi ya mishale huonesha upepo unakokwenda ilhali maneno yaliyo kando yake yanataja unakotoka. Asiye na hakika na autupe mchanga mkavu kidogo hewani siku ya kwanza, aulinganishe na mshale, na baada ya hapo hatakosea tena.

Huko Usinge, katika miezi ya kiangazi, upepo ulio wa kawaida hutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa maana hiyo, katika sehemu kubwa ya msimu huo, hatari ya moto wa chakula ipo upande wa magharibi na kaskazini-magharibi ya mafiga. Huko ndiko kunakotakiwa kutazamwa kwanza: kuna nini? Kuna nyasi? Kuna bani la jirani? Kuna mzinga? Ni kawaida ya watu kuchagua pahala pa kupikia kwa kutazama kivuli. Kivuli kina faida yake, lakini hakimwambii mtu moto utakwenda wapi ukitoroka.

Kasi ya wastani na kasi ya dharuba

Jambo la pili ni kasi. Nambari inayotajwa katika utabiri kwa kawaida ni wastani wa dakika 10, kwa upepo unaopimwa mita 10 juu ya ardhi, mahali palipo wazi. Mambo mawili yanatokana na hayo. Kwanza, aliyekaa kwenye mkeka hupata upepo mdogo kuliko uliotajwa, kwa kuwa ardhi, vichaka na kuta huupunguza. Pili, wastani huficha misukumo ya ghafla, yaani dharuba, ambazo hudumu sekunde chache tu na kupita. Taarifa nyengine huzitaja kwa nambari ya pili iliyo kubwa zaidi. Nambari hiyo ya pili ndiyo ya mpishi. Moto hautoroki kwa wastani. Hutoroka kwa sekunde tatu za dharuba.

Aidha ifahamike kwamba nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Turubai lililosimama vizuri katika upepo wa kilomita 20 kwa saa litasukumwa mara nne zaidi dharuba ikifika 40. Hapo ndipo nguzo zinapong'oka na kuangukia masufuria yenye mafuta ya moto, na watu wakasema kwamba ni bahati mbaya, hali ya kuwa nambari ilikuwa imetajwa tangu jana yake.

Asiye na chombo cha kupimia anayo macho. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, aliupanga upepo kwa daraja, kuanzia sifuri mpaka 12, na baadaye daraja hizo zikaelezwa pia kwa alama za nchi kavu. Moshi ukipanda wima, upepo haupo. Majani na vijiti vidogo vikitikisika bila ya kutulia, kasi ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Vumbi na karatasi zikianza kuruka na matawi madogo kuchezacheza, ni kilomita 20 hadi 28. Miti midogo ikiyumba, ni 29 hadi 38. Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli kuwa mgumu kushika, kasi imefika 39 na kuendelea. Anayezijua alama hizi anaweza kuutahini utabiri pale pale alipo, akaona kama umesadifu au umepita kando.

Wako wanaosoma taarifa za mabaharia, ambamo kasi hutajwa kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Noti moja ni karibu kilomita 1.85. Na ikiwa taarifa imeandika mita kwa sekunde, nambari hiyo huzidishwa kwa 3.6 kupata kilomita kwa saa. Aliyeona "10" akatulia, kumbe ni mita 10 kwa sekunde, ameuacha upepo wa kilomita 36 ukimjia bila ya habari.

Saa ya upepo

Jambo la tatu ni saa, na hili ndilo linalosahauliwa na wengi. Usinge, kama ilivyo katika nyanda nyingi za bara, upepo wa kiangazi una ratiba yake. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa na kutulia. Upepo huendelea kupita juu bila ya kushuka. Jua likichomoza ardhi hupata joto, hewa ya chini hupanda na ya juu hushuka pamoja na kasi yake. Ndiyo maana asubuhi moshi wa Usinge hupanda wima, kisha baina ya saa tatu na saa nne majani huanza kutikisika, na kuanzia saa sita hadi saa kumi dharuba huwa nyingi. Nyakati hizo hizo kisulisuli hutokea uwanjani bila ya kubisha hodi, kikazoa vumbi, majani na makaa. Karibu na magharibi upepo hulala tena.

Kwa hivyo utabiri wa siku nzima hautoshi. Mpishi atafute utabiri wa saa kwa saa. Na anapousoma ajihadhari na mitego miwili. Mtego wa kwanza ni wa lugha: simu inayoandika 09:00 inakusudia saa tatu asubuhi, na mtu mwenye haraka huisoma saa tisa. Mtego wa pili ni wa Greenwich: baadhi ya taarifa huandikwa kwa saa za huko, nazo ziko nyuma ya saa za Afrika ya Mashariki kwa saa tatu. Taarifa iliyoandikwa 12:00 kwa saa za Greenwich inazungumzia saa tisa alasiri.

Msimu wa mvua una hukumu nyengine. Kuanzia Novemba, taarifa inapotaja ngurumo na radi, na isomwe pia kuwa ni taarifa ya upepo. Wingu la radi hutanguliza mbele yake upepo wa baridi na wa ghafla, unaoweza kutoka upande usiotajwa kabisa katika utabiri. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mpishi wa nje, dalili ya upepo huo ni baridi ya ghafla na harufu ya mvua ambayo bado haijafika. Hapo hapana mashauriano: moto hufunikwa kwanza, maswali baadaye.

Mfano wa chakula cha arusi

Na ichukuliwe kwamba ipo familia Usinge yenye arusi mwezi wa Agosti, na chakula kimepangwa kuliwa saa nane mchana. Utabiri unasema hivi: asubuhi upepo mwanana wa kilomita 8 kwa saa, mchana upepo wa kusini-mashariki wa kilomita 22, dharuba kufikia 40, jioni kilomita 10. Familia ifanye nini?

Kwanza ibadilishe saa. Chakula cha saa nane maana yake ni moto mkubwa saa sita na saa saba, ndizo saa mbaya kuliko zote. Familia ina njia mbili. Ya kwanza ni kuwasha moto alfajiri, kuuzima kabla ya saa nne, na kula mapema, kiasi cha saa tano, chakula kingali moto ndani ya masufuria yaliyofunikwa. Ya pili ni kungojea upepo ulale, kupika baada ya magharibi na kula usiku. Zote mbili ni njema. Isiyo njema ni kupika mchana kwa sababu kadi zilikwisha kuchapishwa.

Hapa inafaa lisemwe jambo moja linalozihusu afisi. Shughuli nyingi huchelewa kwa kumngojea mgeni rasmi. Wapishi waliotakiwa wamalize saa nne huambiwa waendelee kuchochea mpaka msafara ufike, na moto uliopangiwa utulivu wa asubuhi hujikuta katikati ya dharuba za mchana. Mgeni rasmi akichelewa, upepo hauchelewi. Mwenyekiti wa kamati ya chakula apewe mamlaka ya kusema "moto uzimwe", na neno lake lisipinduliwe na mtu aliyekaa kivulini.

Pili, familia ipange pahala. Wageni wakae upande upepo unakotoka, na mafiga yawe upande unakokwenda, ili moshi uwaache. Katika mfano huu wageni wako kusini-mashariki na mafiga yako kaskazini-magharibi. Lakini kazi haijaisha, kwa sababu raha ya wageni inaweza kuwa hatari ya jirani. Nyuma ya mafiga, kaskazini-magharibi zaidi, pawe na ardhi tupu: barabara, shamba lililolimwa, au uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ukaonekana. Kama huko kuna nyasi kavu au bani la tumbaku, basi mafiga yahamishwe, hata ikibidi wageni kukaa mbali zaidi au kivuli kukosekana.

Tatu, mafiga yakingwe. Ukuta wa tofali au bati lililoegemezwa imara kwa upande wa upepo huufanya moto utulie na kuni zitumike kidogo. Vigogo vifupi ni bora kuliko matawi yenye majani, kwa kuwa majani huwaka, yakapaa na kwenda mbali. Ipo na desturi ya kupalia makaa juu ya kifuniko cha wali ili ukauke vizuri. Ni desturi nzuri ndani ya banda. Nje, katika upepo wa dharuba, ni sawa na kuyaweka makaa mkononi mwa upepo na kuuomba usiyachukue. Wali wa siku hiyo ukaushwe kwa moto wa chini peke yake.

Nne, awekwe mtu mmoja asiye na kazi nyengine. Asipike, asipakue, asipokee wageni. Awe na ndoo za maji, mchanga na matawi mabichi, na macho yake yawe upande upepo unakokwenda. Mara nyingi kazi hii hupewa mtoto, kwa kudhaniwa kuwa ni ndogo. Inafaa ipewe mtu mzima mwenye sauti.

Kuhusu kiwango cha kujizuia, busara ifuatayo yaweza kufuatwa. Dharuba zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, moto wa nje huwashwa kwa uangalifu wa kawaida. Zikiwa baina ya 20 na 30, moto uwe mdogo, uliokingwa, na turubai lishushwe. Zikizidi 30, hasa kiangazi, moto wa wazi usiwashwe; chakula kipikwe ndani ya jiko lenye kuta na kibebwe. Hii si sheria, ni kipimo cha tahadhari, na palipo na nyasi kavu kipimo hicho kipunguzwe zaidi.

Moto uliolala

Hatari ya mwisho huja wakati kila mtu ameshiba. Jioni upepo umelala, moshi umekwisha, na mtu anayafukia makaa kwa udongo akidhani amemaliza. Makaa yaliyofukiwa huweza kubakia hai usiku kucha. Kesho yake saa saba mchana, wageni wameshaondoka na mwenye nyumba yuko kazini, dharuba huufagia udongo na kuyafufua. Moto wa namna hii ni mgumu hata kujulikana umetoka wapi. Basi makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena, kisha mtu apitishe mgongo wa mkono juu yake. Kama bado kuna joto, kazi bado ipo.

Ushahidi wa hatari hii upo karibu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, katika njia ya wageni baina ya Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa ilieleza kwamba moto ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Nyasi na vichaka vilikuwa vikavu na upepo ulikuwa mkali. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na siku kadhaa zikapita moto ungali ukiwaka. Hapana aliyekusudia kuuchoma mlima. Palikuwa na chakula, palikuwa na ukavu, na palikuwa na upepo.

Visiwani nako

Anayesoma haya akiwa Unguja au Pemba asidhani kwamba yanawahusu watu wa bara peke yao. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na hupiga moja kwa moja upande wa mashariki wa Unguja. Ni upepo wa kutegemewa hata wageni huja Paje kuchezea tiara kubwa zinazowavuta juu ya maji. Upepo unaotosha kumvuta mtu baharini unatosha kulibeba kaa la moto mpaka juu ya paa la makuti. Mwenye kutaka kuchoma samaki huko mwezi wa Julai na atafute kinga ya ukuta, au aende upande wa magharibi ambako nchi humkinga, au angojee maleleji, wakati kusi na kaskazi zinapopokezana na hewa ikatulia.

Hali kadhalika wapo wanaovuka kwa mashua kwenda kula katika visiwa vidogo. Hao utabiri wa upepo unawahusu mara mbili, kwa moto na kwa bahari. Taarifa ya Mamlaka inaposema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, haisemi na wavuvi tu. Kuna daraja tatu za onyo: angalizo, kwa rangi ya njano, tahadhari, kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu. Hata angalizo linatosha kuahirisha matembezi, kwani chakula huliwa siku yoyote. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo, na watu wengi wakapoteza maisha. Waliofiwa hawahitaji kukumbushwa. Walio hai ndio wanaohitaji kukumbuka.

Ipo na desturi ya Makunduchi ambayo ina mafunzo ndani yake. Katika Mwaka Kogwa, kila mwezi wa Julai, kibanda cha makuti huchomwa moto mbele ya watu, na moshi wake hutazamwa unaelekea upande gani. Wazee walioiweka desturi hiyo walitazama kule moshi unakokwenda. Na baada ya hapo watu hukaa, wakala pamoja.

Kwa kumalizia, kila anayeandaa chakula cha nje, akiwa Usinge, Makunduchi au kwengineko, na ajiulize maswali manne siku moja kabla. Upepo unatoka wapi, na kwa hivyo utakwenda wapi? Dharuba zake zitafika kasi gani? Utavuma saa ngapi? Na huko utakakokwenda, kuna mali ya nani? Kisha asubuhi ya siku yenyewe na aisikilize taarifa mpya, kwa kuwa ya jana imeshazeeka, naye atazame majani kwa macho yake. Akiwa Bara, moto ukimshinda, apige simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na awaite majirani bila ya kuona haya.

Watu husema kwamba bendera hufuata upepo. Na moto nao huufuata, lakini bendera hurudi mahali pake upepo ukilala. Moto haurudi.